Mtaka cha Mvunguni: Jinsi ya Kung'arisha Sehemu za Gari Zisizofikika kwa Urahisi

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakueleza, hata hivyo, ainame vipi wala kwa muda gani. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kung'arisha magari swali hilo si dogo. Paa la gari liko juu ya kichwa chake, vizingiti vya milango viko chini ya magoti yake, na katikati ya boneti ni mbali na kiganja chake. Katika makala haya tutaeleza kwa nini sehemu hizo huuchosha mwili, na jinsi kanuni ya wenzo inavyoweza kumsaidia mfanyakazi kuzifikia bila kujiumiza.

Jambo lenyewe si geni katika elimu ya tiba. Mwaka 1700 tabibu wa Kitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Humo alionyesha kwamba mafundi hawadhuriwi na vumbi na mvuke wa vitu wanavyovishika tu, bali pia na mikao mibaya ya mwili wawapo kazini.

Mgongo ni wenzo

Tuchukue mfano wa mtu mwenye uzito wa kilo 60. Kichwa, mikono na kiwiliwili chake, kwa jumla, ni kama kilo 40. Asimamapo wima, mzigo huo hukaa juu ya uti wa mgongo, na misuli ya mgongo haina kazi kubwa. Ainamapo hata mgongo ukawa sambamba na ardhi, kitovu cha uzito huo husogea kiasi cha sentimita 30 mbele ya egemeo, yaani pingili za kiunoni. Lakini misuli inayomzuia asianguke iko kama sentimita 5 tu nyuma ya egemeo hilo. Kwa kanuni ya wenzo:

40 × 30 = 1,200
1,200 ÷ 5 = 240

Maana yake ni kwamba misuli ya mgongo huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 240, ingawa mtu huyo hakushika kitu chochote isipokuwa kitambaa na nta. Hesabu hii ni ya kukadiria, walakini vipimo vimethibitisha mwelekeo wake. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, walitoa matokeo ya kupima shinikizo ndani ya kisahani cha gegedu kilicho kati ya pingili za kiunoni za mtu mmoja aliyejitolea. Aliposimama wima shinikizo lilikuwa megapaskali 0.5, alipoinama mbele lilipanda hadi megapaskali 1.1, yaani zaidi ya mara mbili.

Mkono ulioinuliwa

Paa nalo lina taabu yake. Msuli unaokaza na kulegea kwa zamu husaidia kusukuma damu, kama pampu. Lakini msuli unaokaza mfululizo hubana mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake. Hewa ya oksijeni hupungua, taka za msuli hujikusanya, na baada ya dakika chache bega huwaka moto na mkono huanza kutetemeka. Kwa hiyo anayesugua paa akiwa amesimama chini hachoshwi na kusugua tu. Huchoshwa zaidi na kuushikilia mkono wake juu.

Uchovu huharibu rangi

Madhara hayaishii mwilini mwa mfanyakazi. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la juu lisilo na rangi ambalo unene wake aghalabu ni mikroni 40 hadi 50, ambapo mikroni 1,000 hufanya milimita 1. Hiyo ni takriban nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Dawa ya kung'arishia ina chembe ngumu zinazokwangua tabaka hilo kidogo kidogo. Kwenye kingo na mikunjo ya bati tabaka huwa jembamba zaidi, na huko ndiko mkono uliochoka huegemea. Tabaka likiisha haliwezi kurudishwa kwa kusugua; dawa yake ni kupaka rangi upya.

Namna ya kuzifikia sehemu hizo

1. Paa. Paa la kawaida la Toyota HiAce, gari linalotumika sana kama daladala na matatu, liko karibu mita 2 juu ya ardhi, na upana wa gari hilo ni kama mita 1.7. Mfanyakazi mwenye kimo cha mita 1.65 ana kiwiko kilicho mita 1 hivi kutoka ardhini. Akisimama juu ya jukwaa la sentimita 90, kiwiko chake hukaribia usawa wa paa, na bega hupumzika. Jukwaa liwe na miguu minne imara na ubao mpana. Ndoo iliyopinduliwa au tairi si jukwaa. Afanye nusu ya paa kutoka upande mmoja, kisha ahamie upande wa pili.

2. Katikati ya paa na boneti. Kwa kupaka nta na kufuta, sponji iliyofungwa kwenye mpini wa nusu mita hutosha. Kwa dawa yenye chembe mpini haufai, kwa kuwa mkono hauhisi tena nguvu unayoitia. Hapo mfanyakazi asogee karibu, mguu mmoja mbele, mkono mmoja ukimtegemeza.

3. Vizingiti na chini ya bampa. Asiiname kwa kiuno. Aketi juu ya kigoda kifupi, au apige goti juu ya sponji nene, kifua kikielekea kazi. Gari likiinuliwa, lisiachwe juu ya jeki peke yake. Liwekewe pia vyuma imara vya kulishikilia.

4. Nyuma ya vioo vya pembeni na kandokando ya vitasa. Kidole kisilazimishwe kupenya. Kijiti butu kilichozungushiwa kitambaa laini, au brashi ya nywele laini, hufika bila kukwaruza.

5. Mpango wa kazi. Sehemu za juu, za kati na za chini zifanywe kwa zamu, ili misuli iliyokaza ipate kulegea.

Kwa ufupi, mwili usipelekwe kwenye kazi iliyo mbali. Kazi na iletwe mbele ya mwili, kati ya kiuno na kifua. Gharama ya kigoda na jukwaa la mbao ni ndogo ikilinganishwa na mgongo ambao ndio mtaji wa fundi.

Zoezi

(a) Mtu wetu wa kilo 60 akijisogeza karibu na kazi hata kitovu cha uzito wa kilo 40 kikawa sentimita 10 tu mbele ya egemeo, misuli ya mgongo itavuta kwa nguvu gani? (Jibu: sawa na kilo 80.)

(b) Pima kimo cha kiwiko chako kutoka ardhini, kisha kimo cha paa la gari unalolishughulikia. Tofauti kati ya vimo hivyo ndiyo kimo cha jukwaa linalokufaa.