Kabla hujauza ng'ombe kwa ajili ya kipimo cha PET

Ukiambiwa una uvimbe, huenda mtu akakutajia kipimo cha PET kinachotumia kingamwili zenye mionzi. Kipo kweli, ila kwa mgonjwa wa Sumbawanga si cha kuanza nacho.

Kinafanyaje kazi? Kingamwili ni protini za mwili zinazomnasa adui mmoja tu. Maabara hutengeneza zinazonata kwenye saratani fulani, kwa mfano ya matiti yenye alama iitwayo HER2, kisha huzifunga kwenye zirkoni-89, madini yanayotoa mionzi. Unachomwa sindano ya mshipa, na mashine ya PET, inayopiga picha ya mionzi iliyo mwilini, inaonyesha zilikojikusanya. Kwa kuwa zinatembea polepole, picha hupigwa siku kadhaa baadaye.

Kinapatikana wapi? Sehemu nyingi duniani bado ni cha utafiti. PET ya kawaida hutumia sukari yenye florini-18, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110, hivyo hutengenezwa karibu na mashine. Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, inayo PET hii ya kawaida. Kwa Tanzania, ulizia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kabla hujakata tiketi.

Nianzie wapi? Ukiwa Matai, Laela au Namanyere, anzia kituo cha afya cha karibu, upewe rufaa ya Hospitali ya Mkoa, Sumbawanga. Daktari akiona haja, utakatwa kinyama kidogo kikapimwe. Ikibidi, utapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Hata HER2 husomwa kwenye kinyama hicho hicho. Maabara hukihifadhi ndani ya nta: omba namba yake iandikwe kwenye majibu, usije ukakatwa tena mbele ya safari.

Gharama je? Omba bei ya kipimo chenyewe, dawa yake na ripoti. Ongeza nauli, malazi na chakula cha watu wawili. Uliza bima yako inalipa nini. Ukiwa huna uwezo, onana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kulipa.

Nijiandaeje? Kwa PET ya sukari, usilime wala kubeba mizigo siku ya kuamkia kipimo, na usile kwa saa sita hivi. Maji matupu yanaruhusiwa. Mwenye kisukari, mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema. Ukimaliza, kunywa maji mengi, kojoa mara kwa mara, na usipakate watoto kwa saa chache utakazoambiwa.

Kama bado hujapimwa kinyama, anza na hicho wiki hii.