Kizunguzungu kisichojulikana chanzo

*Daktari, nina watoto wanne. Nikiinuka naona giza, nyumba inazunguka. Malaria nimepimwa, sina. Nina nini? — Mama, Garissa*

Pole, mama. Giza hilo la kuinuka mara nyingi ni presha kushuka, na joto la Garissa hukausha maji mwilini upesi. Kunywa maji zaidi, inuka polepole. Ila kwa aliyezaa mara nne, mimi ningeshuku kwanza upungufu wa damu. Hospitalini omba upimwe damu, sukari, mimba, na presha ukiwa umelala kisha umesimama. Waoneshe wahudumu dawa zote unazomeza. Kizunguzungu kikikushika unapogeuka kitandani, huenda ni sikio la ndani, na hilo linatibika. Ukizimia, kifua kikiuma, ulimi ukiwa mzito au upande mmoja ukilegea, usingoje kesho: nenda hospitali saa hiyo hiyo.