Mfuko begani, daftari mkononi: kwa wanaouzisha nyumba kwa nyumba Lubumbashi

Katuba, Kenya, Kampemba au Ruashi, ni vigumu siku iishe bila mtu kupiga hodi akiwa na mfuko begani: sabuni, mafuta ya ngozi, vitenge, sufuria, chai za dawa. Kuna wanaojinunulia bidhaa sokoni au mpakani Kasumbalesa. Kuna pia waliojiandikisha katika kampuni zinazopitisha bidhaa mikononi mwa watu, na juu yao yupo aliyewaingiza, yule wanayemwita parrain. Hao wa pili huitwa mikutanoni na kuambiwa kwamba anayeamini atafika. Sina ugomvi na imani. Ila haimwambii mtu afanye nini Jumanne saa nne asubuhi, jua limeshawaka na milango mitano imekwisha kumkatalia.

Mji huu ulijifunza kuuzisha kwa shida, si kwa hotuba. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya migodi ya Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 hazikufika hata 50,000. Mishahara ikachelewa, posho ya chakula ikakatika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima, Bana Shaba abandonnés par leur père (2001), juu ya familia za wafanyakazi hao na namna wake na watoto walivyogeuka nguzo ya nyumba. Mama aliyekuwa akingoja mshahara wa baba akaanza kuuzisha bunga, makala ya kupikia, mikate. Hakuna aliyempigia makofi ukumbini. Kilichomwamsha alfajiri ni chungu cha jioni, na kilichomfanya adumu ni kuwajua wateja wake.

Kwa hiyo tuanze na wateja, hasa wanaokataa. “Hapana” zote si sawa. “Sina makuta leo” ni habari ya tarehe. “Nitamwuliza baba” ni habari ya mwenye uamuzi. “Ninayo bado” maana yake urudi ikikaribia kwisha. “Sipendi” ndiyo hapana yenyewe, shukuru, uende. Andika jibu hilo na jina la avenue kabla hujafika nyumba ya pili, kwa sababu mangaribi utakuwa umesahau. Wenye kazi katika migodi na maduka makubwa wengi hupokea mwisho wa mwezi. Basi tarehe 18 ni siku ya kuonyesha bidhaa na kuahidi kurudi, wala usijilaumu ukitoka mikono mitupu. Jipangie unachoweza kukitawala: leo nitaongea na watu ishirini. Wangapi watanunua, hilo halimo mikononi mwako.

Na kurudi ni kurudi kweli. “Jambo mama, uliniambia nipite baada ya mshahara, nimekuja.” Maneno hayo huuzisha kuliko maelezo yote ya sabuni, maana ni wachache wanaotimiza ahadi ndogo namna hiyo. Usifungue mfuko kabla ya salamu kwisha. Akinunua, mwongezee matabishi kidogo. Akileta lalamiko, lisikilize lote kabla ya kujitetea.

Ndugu na watu wa kanisani ni jambo la kuangalia sana. Mara ya kwanza watanunua kwa haya, mara ya pili watakukwepa, na wewe utadhani biashara imekufa wakati haijaanza. Mteja wa kweli ni yule asiyekujua ambaye amenunua mara mbili.

Moyo huvunjika zaidi kwa hesabu mbaya kuliko kwa wateja wabaya. Tuseme umenunua karton kwa franga 60,000, ukaiuzisha yote kwa 78,000. Unajiona na faida ya 18,000. Toa taksi 5,000, maji na mandazi 2,000, unite za simu 1,500: imebaki 9,500. Jirani amechukua kwa deni bidhaa za 6,000. Mkononi una faida ya 3,500 tu, na likelemba inakungoja. Asiyeandika atakula mtaji akidhani anakula faida, kisha ataambiwa kwamba hakuwa na bidii. Tenga mifuko miwili, wa mtaji na wa nyumba, na likelemba ilipwe kutoka wa pili. Kama bidhaa ilinunuliwa kwa dola, panga bei kwa kuangalia siku utakayonunua tena: mwaka 2023 dola ilianza ikiwa karibu franga 2,000, ikamaliza mwaka karibu 2,700.

Sasa hizo kampuni. Uliza jambo moja: fedha ya parrain wako inatoka kwa wanaotumia bidhaa, au kwa wanaoingia? Kama kila mtu lazima alete sita, na sita hao kila mmoja alete sita, ngazi ya nane peke yake inadai watu 1,679,616. Lubumbashi itakwisha watu kabla zamu yako haijafika. Wazee wanaikumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, iliyoahidi kuzalisha fedha za watu na kuanguka mwaka 1991 na akiba zao. Marekani, katika uamuzi wa mwaka 1979 juu ya Amway, kampuni hiyo haikuhesabiwa kuwa piramidi, na kanuni zake zilitazamwa: muuzaji awe na wateja kumi kila mwezi, auzishe angalau asilimia 70 ya mzigo alionunua mwezi huo ndipo apate bonasi, na mzigo uliobaki uweze kurudishwa. Jiwekee hizo wewe mwenyewe, hata kama kampuni yako haizidai. Anayekusukuma ununue mzigo mpya ili “upande ngazi”, na wa zamani umejaa chini ya kitanda, anakuuzishia wewe. Ukimlalamikia akajibu kwamba tatizo ni fikra zako, mwonyeshe daftari. Fikra hazipunguzi karton chini ya kitanda.

Yamebaki mawili ya haraka. Biashara ndogo inadai patente. Ulizia bei yake komini kwenyewe, udai risiti, ili asiye na kitambulisho asikutoze njiani. Na kama unauzisha chai au vidonge vya mitishamba, usimwambie mtu mwenye sukari au presha kwamba vitamponya, hata kama karatasi ya kampuni imeandika hivyo. Mwambie aendelee na dawa za daktari na amwulize kwanza. Huenda ukakosa mauzo ya siku hiyo, lakini mlango wake utaweza kuupiga hodi tena mwezi ujao.