Mtunda kwa Baiskeli: Fuata Tairi la Mwenye Mzigo

Anayetaka kuendesha baiskeli wilayani Kibiti bila kusongwa na magari aanze kwa kujua magari yenyewe yako wapi. Yako zaidi katika barabara tatu. Ya kwanza ni lami kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, inayopita Bungu, Kibiti na Ikwiriri kabla ya kuvuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Mabasi na malori hukimbia humo, wala pembezoni hapana nafasi ya kukwepea. Ya pili inatoka Bungu kwenda Nyamisati, wanakopandia kivuko wasafiri wa Mafia. Huchangamka kila kivuko kinapokaribia kuondoka au kufika. Ya tatu inatoka Kibiti kwenda Mloka na kupeleka watalii lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Ukiziweka kando hizo tatu, unabaki na barabara za changarawe, njia za mchanga na vijia vinavyounganisha kijiji na kijiji. Kata ya Mtunda, mashariki ya lami kuelekea delta ya Rufiji, ni mahali pazuri pa kuanzia. Utakutana na bodaboda na waenda kwa miguu. Gari ni la nadra.

Huku baiskeli ni chombo cha kazi. Inabeba mpunga, madumu ya maji, mkaa, korosho, na mara nyingine mgonjwa anayepelekwa zahanati. Ndiyo maana ninashikilia kanuni moja kuliko zote: njia nzuri ni ile wanayoipita wenyeji wakiwa na mzigo. Pale baiskeli ya Phoenix yenye gunia kwenye karia inapopita bila mwenyewe kushuka, na wewe utapita. Pale anaposhuka na kusukuma, jiandae kusukuma.

Chagua mwezi

Panga safari kati ya Juni na Oktoba. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na mabonde huchukua muda kukauka baada ya mvua kukatika. Vuli huanza kuelekea mwisho wa mwaka. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba, nyumba na barabara katika Rufiji na Kibiti, hivyo ramani iliyochorwa kabla ya hapo inaweza kukuonyesha kivuko au kijia ambacho maji yalikwishakichukua. Msimu wa korosho ukianza, malori ya kufuata mzigo kwenye maghala huongezeka. Ukitaka utulivu kamili, Julai na Agosti ndiyo miezi yake.

Chora njia ukiwa bado nyumbani

Fungua picha za setilaiti na ramani ya OpenStreetMap, uzipakue kwenye simu, maana mtandao hukatika. Mistari myeupe inayong'aa ni mchanga. Maeneo ya kijivu au meusi, yenye vipande vya mashamba ya mpunga, ni mabonde ya mfinyanzi. Nukta zilizopangwa kwa mistari ni mikorosho, na mikorosho hupendelea ardhi ya juu isiyotuamisha maji.

Chora mzunguko unaokaa kwenye miinuko sehemu kubwa ya siku na kushuka bondeni mara chache. Miinuko ya huku si mirefu, lakini kupanda na kushuka kwake kunatosha kukupa mandhari: juu mikorosho, miembe na minazi, chini mpunga. Hakikisha unapita kijiji kila baada ya saa moja au mbili, kwa ajili ya maji, kivuli na fundi.

Uliza swali lililo sahihi

Ukiuliza "Njia inapitika?" utajibiwa ndiyo, kwa sababu kwa miguu inapitika kweli. Uliza hivi: "Mtu mwenye gunia kwenye baiskeli anapita bila kushuka?" Kisha: "Wapi anashuka?" Jibu la swali la pili litakuonyesha mchanga mzito, kalvati lililobomoka na tope lisilokauka.

Umbali nao uulize kwa muda, si kwa kilomita. "Nikiondoka sasa kwa baiskeli, adhuhuri itanikuta wapi?" Waulize watu wawili, mmoja awe mtu aliyetoka huko asubuhi hiyo hiyo.

Soma udongo

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika. Utakutana na aina tatu.

Changarawe iliyoshindiliwa ni rahisi. Hatari yake ni mawimbi madogo yanayotikisa mikono, pamoja na kokoto zilizolegea kwenye mteremko. Punguza mwendo kabla ya kona, usikamate breki ukiwa ndani ya kona.

Mchanga ndio mtihani mkuu. Ingia ukiwa tayari kwenye gia nyepesi, rudisha uzito nyuma kidogo, legeza mikono, endelea kukanyaga, na tazama mbali. Usukani ukiyumba uache uyumbe. Ukiushika kwa nguvu gurudumu la mbele litazama. Usitumie breki ya mbele. Tafuta kijia chembamba pembeni, ambako majani yameshika mchanga na tairi za wenyeji zimeugandamiza. Pita sehemu za mchanga asubuhi na mapema, kwa kuwa umande huufanya uwe mgumu. Njia iliyokubeba saa 1 asubuhi inaweza kukushusha saa 7 mchana.

Mfinyanzi wa bondeni ukikauka hubaki na nyayo za ng'ombe zilizoganda, nao hutikisa mwili wote. Ukilowa hunasa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome. Ukiona umelowa, geuza. Kuzunguka kwa njia ya mwinuko kutakuchukua muda mfupi kuliko kubeba baiskeli iliyojaa tope.

Andaa baiskeli

Tairi nene ni muhimu kuliko fremu ya bei kubwa. Upana wa milimita 45 hadi 50 unafaa, na tairi za inchi 26 zenye upana wa 1.95 au zaidi, ambazo zinapatikana Tanzania, zinatosha. Kwa mtu wa kilo 70, jaza upepo wa paundi (psi) 35 hadi 40 kwenye changarawe na ushuke hadi 28 au 30 kwenye mchanga. Ukishuka zaidi huku unatumia tyubu, jiwe litaibana kwenye rimu na kuitoboa.

Kuna mtego mmoja wa vipimo. Baiskeli za Phoenix hutumia tairi za 28 kwa 1½, na baiskeli nyingi za kisasa za changarawe hutumia 700C, ambazo nazo watu huziita 28. Haziingiliani: rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 635, ya pili 622. Fundi wa kijijini ana ujuzi wa kukunyooshea rimu na kukuungia cheni, lakini huenda asiwe na tairi lako. Beba tyubu mbili za saizi yako, viraka, gundi, pampu inayokubali valvu zako, kiungo cha cheni na kipande cha tairi la zamani cha kuzibia tairi likichanika.

Maji, jua na mto

Weka hesabu ya lita moja ya maji kwa kila saa ya jua kali, na pakiti za ORS mfukoni. Maji ya kisima yatibu kwa vidonge au yachemshe. Tumia dawa ya mbu jioni na ulale ndani ya chandarua.

Usivuke mto wala mkondo wa delta kwa miguu, hata ukionekana mfupi. Rufiji ina mamba na viboko. Vuka kwa mtumbwi pale wenyeji wanapovukia, ulaze baiskeli kama mwenye mtumbwi atakavyokuelekeza. Mwezi Julai jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa 12 na nusu jioni. Uwe umefika unakolala ifikapo saa 11.

Jitambulishe

Miaka ya 2016 na 2017 wilaya hii ilipita katika kipindi kizito cha mauaji ya viongozi wa vijiji na askari. Watu wana haki ya kumfahamu mgeni. Fika ofisi ya mtendaji au kwa mwenyekiti wa kijiji, sema unatoka wapi, unakwenda wapi na utalala wapi. Ni dakika chache, na baada ya hapo una mwenyeji.

Vaa nguo inayofunika magoti. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Mpe shikamoo mkubwa kabla ya kuuliza njia, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Ukikutana na kundi la ng'ombe, shuka, simama pembeni, mwache mchungaji alipitishe.

Siku ya kwanza

Panda gari Mbagala, Dar es Salaam, na baiskeli yako hadi Kibiti, ukalale hapo. Alfajiri toka kwenye lami kuelekea Mtunda kwa safari ya saa tatu tu kwenda na kurudi, pumzika kijijini wakati wa jua kali, kisha rudi alasiri kwa njia ile ile. Kwenye mchanga hesabu kilomita 8 hadi 10 kwa saa. Kurudi ulikopita kutakufundisha jinsi udongo unavyobadilika kati ya asubuhi na alasiri, na kesho yake utachora mzunguko mrefu zaidi kwa uhakika.

Kula kijijini, nunua korosho kwa mkulima, mlipe fundi bei yake bila kubishana. Ukikuta kalvati limeanguka, mwambie mtendaji ili taarifa ifike TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Wewe litakusumbua siku moja. Mwenye gunia linamsumbua kila siku ya soko.