Amana Katika Kazi ya Pamoja

Mwaka jana tulikuwa wanne tukitengeneza gemu ya simu ya kufundisha watoto udhu. Wenzangu wanasoma kompyuta. Mimi wa masomo ya Kiislamu nilikabidhiwa kuhakiki hatua. Niliicheza mara moja, kwa mpangilio sahihi, nikasema, "Iko sawa."

Siku ya kuionyesha madrasa moja hapa Kampala, mtoto aliosha miguu kabla ya uso, na gemu ikampongeza! Kwa Mashafi, tartibu ni nguzo ya sita ya udhu. Ustadhi alimlaumu mwandishi wa programu, nami nikanyamaza. Baada ya Isha nilimwomba mwenzangu msamaha. Kesho yake nikamweleza ustadhi ukweli.

Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alijifunza kutengeneza gemu kwa kompyuta ambayo mama yake aliiwekea akiba miaka 3. Gemu yake aliiita Salaam. Hata yeye hakufika peke yake.

Mafunzo:
1. Sehemu yako ya kazi ni amana.
2. Unapohakiki, jaribu pia kukosea.
3. Mshauriane, Surat Ash-Shura, aya ya 38, inawasifu wanaoshauriana.
4. Kosa likiwa lako, sema mapema.

Wabillahi tawfiq.