Somo kwa Makatibu: Intaneti Safarini

Ndugu Katibu, uwapo safarini na kompyuta ya chama, simu yako yaweza kuipatia intaneti. Katika mipangilio ya simu, washa huduma ya kugawa mtandao, uweke neno la siri lenye herufi zisizopungua 8.

Lakini fahamu kwamba kompyuta haitambui kila mara kuwa inatumia kifurushi kilichonunuliwa kwa fedha za wanachama. Huanza kupakua matoleo mapya ya programu zake kimyakimya, na kifurushi huisha kabla hesabu za msimu hazijatumwa. Kwa hiyo, katika Windows 10 au 11, fungua mipangilio ya mtandao huo, uweke alama kwamba matumizi yake yanapimwa. Upakuaji mwingi utasimama, ingawa si wote.

Simu ikikaribia kuzimika, iunganishe kwa waya wa USB, nayo itapata chaji kutoka kwenye kompyuta.