Kipindi cha Michezo si Muda Uliopotea

Somo kwa kamati za sharika



Maombi ya miradi ya elimu yanayotufikia kutoka sharikani hufanana: madarasa, madawati, vitabu, matundu ya vyoo. Ni mahitaji ya kweli na tunaendelea kuyatafutia wafadhili. Hata hivyo, katika baadhi ya maandiko hayo darasa jipya huchorwa katikati ya uwanja wa shule, na kwenye ratiba iliyoambatanishwa kipindi cha michezo cha darasa la nne au la saba kimebadilishwa kuwa cha mazoezi ya mtihani. Yaani tunaomba fedha ili mtoto ajifunze, na papo hapo tunamwondolea kitu kinachomsaidia kujifunza.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, wakiongozwa na Charles Hillman, walichapisha utafiti wao juu ya watoto 20 wa umri wa miaka tisa hivi. Siku moja mtoto alipumzika ameketi, siku nyingine alitembea dakika 20 kwenye mashine, kisha akapewa majaribio yaleyale. Baada ya kutembea, watoto walijibu kwa usahihi zaidi maswali yanayodai umakini, na walielewa zaidi walichosoma.

Watoto 20 ni wachache, na mtu ana haki ya kutilia shaka. Basi tutazame Uholanzi, ambako wanafunzi 499 wa shule 12 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Nusu yao hivi walifundishwa hisabati na lugha huku miili ikifanya kazi, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 22 kila mwaka. Mwalimu akiuliza mbili mara nne, darasa zima linaruka mara nane. Neno likitamkwa, wanaliandika kwa kuruka mara moja kwa kila herufi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba katika hisabati na tahajia watoto hao waliwazidi wenzao kwa kiasi cha masomo ya miezi minne hivi. Katika kusoma hakukuwa na tofauti, na ni vema tuseme hivyo waziwazi ili tusiahidi zaidi ya yaliyoonekana.

Kwa wanaohofia muda wa masomo, kuna mfano wa Bunkeflo, karibu na Malmö, Sweden. Kuanzia mwaka 1999 shule moja iliweka michezo kila siku badala ya mara mbili kwa wiki. Baada ya miaka tisa, asilimia 96 ya wanafunzi hao walifikia sifa za kuendelea na sekondari ya juu, na katika kundi la kulinganisha ni asilimia 89.

Mzee wa kanisa anaweza kusema: watoto wetu wanatembea kilomita nyingi, wanachota maji, wanachunga mbuzi. Mazoezi gani tena? Hoja hii ni nzito. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri wastani wa dakika 60 kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, na wengi wa vijijini wanazipata kabla kengele haijalia. Wanachokosa ni kunyanyuka katikati ya kukaa. Mtoto aliyebanwa na wenzake watatu kwenye dawati moja tangu asubuhi, akiingia kipindi cha nne cha dakika 40, macho yako ubaoni lakini akili imeshatoka nje. Tena watoto wa tafiti hizo hawakuwa na njaa. Palipo na uwanja bila uji, kamati ianze na uji.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Katika shule zetu nyingi mtoto hukutana na mazoezi kama adhabu: kuruka kichurachura, kukimbia kuzunguka uwanja kwa sababu amechelewa. Baadaye tunashangaa kwa nini hapendi mchaka mchaka. Wasichana wa madarasa ya juu nao hukaa pembeni, mara nyingi kwa sababu sketi ya shule hairuhusu kuruka na hakuna mahali pa kubadilishia nguo. Choo chenye chumba kidogo cha kubadilishia ni mradi wa michezo pia, ingawa hakuna anayekiandika hivyo.

Gharama si kubwa. Kamba ya katani inatosha darasa zima kuhesabu kwa tatu-tatu huku likiruka. Rede na kombolela watoto wenyewe wanazijua. Mwalimu aongeze swali la hesabu kwa anayekamatwa. Mpira wa makaratasi na nailoni hutengenezwa palepale. Kinachohitaji fedha hasa ni kusawazisha kiwanja, kupanda nyasi na kuwapa walimu semina fupi.

Kwa hiyo kabla ya kutuma maombi ya robo ijayo, kamati iende shuleni siku ya kazi, si Jumapili. Uwanja una ukubwa gani, na mipaka yake imepimwa na kuandikwa? Kipindi cha michezo kilichoko ukutani kilifundishwa kweli wiki iliyopita? Wasichana wangapi walicheza? Majibu hayo yaambatanishwe na andiko, pamoja na mchoro unaoonyesha darasa jipya litajengwa wapi ili uwanja ubaki.